Cheche Iliyopotea Njia ya Sergoit

Koili ni kitu kigumu kumweleza mtu. Ukimfungulia injini utamwonyesha feni ikizunguka, utamwonyesha mkanda, utamwonyesha maji yakichemka kwenye rejeta. Koili haizunguki, haipigi kelele, haivuji chochote. Ni mkebe mweusi, mfupi, uliozibwa pande zote, wenye nyaya mbili nyembamba na mmoja mnene unaotoka kichwani. Umeme wa betri huingia humo ukiwa mpole, mtu aweza kuushika kwa vidole asihisi kitu. Halafu hutoka ukiwa mkali, unaruka hewani na kuwasha petroli. Kinachotokea katikati hakionekani. Nilikuwa nimeshika magari kwa miaka kadhaa kabla hata sijajiuliza ni nini, na nisingejiuliza kama si gari la mama mmoja Kaburu lililokuwa likizimika kila mara mahali pamoja.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita. Nilikuwa nimerudi kutoka Burma, ambako jeshi lilinifundisha kuendesha malori na kuyafufua yakikwama matopeni. Nyumbani Maragoli shamba la baba lilikuwa dogo na ndugu tulikuwa wengi, kwa hivyo nikamchukua mke wangu tukaja Eldoret kutafuta kazi. Wazee wa Kinandi waliokuja mjini waliuita Sisibo, sitini na nne kwa kinywa chao, kwa kuwa mji ulikatwa kwenye shamba lililokuwa na nambari hiyo. Baridi yake sikuizoea upesi. Asubuhi ulishika spana ikakubana vidole kama imetoka kwenye barafu.

Nilipata kazi kwenye gereji ya Mhindi mmoja wa kilemba, nyuma ya maduka ya barabara kuu. Sote tulimwita Fundi Mkubwa. Ndevu zake alizifunga kwa wavu mwembamba zisiingie kwenye mkanda wa feni. Yeye aliniita Askari tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilimjia nikiwa bado nimevaa koti la jeshi, na sikumbuki hata mara moja kumsikia akiniita kwa jina langu. Alikuwa na sheria moja tu kazini. Hakutaka mtu abadilishe kifaa kwa kubahatisha.

"Askari, umeona kosa?" aliniuliza kila mara.

"Sijaona, lakini nafikiri ni plagi."

"Basi fikiri mpaka uone."

Mama yule Kaburu alikuja kwetu msimu wa kiangazi. Alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye kofia ya nguo iliyofunika masikio, na shamba lake lilikuwa upande wa Sergoit. Gari lake lilikuwa la zamani, mbele chuma na nyuma sanduku la mbao, na alilitumia kuleta mikebe ya krimu mjini. Aliliendesha mwenyewe tangu mumewe afariki. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani, cha kutolea amri, lakini tulikielewa.

"Gari yangu nakufa," alimwambia Fundi Mkubwa. "Pale kwa makaburi. Kwenda nakufa, kurudi nakufa. Mimi nangoja kidogo, nawasha, naenda."

"Makaburi gani, Memsaab?"

"Ya watu ya bwana yangu. Nusu ya safari."

Fundi Mkubwa alitikisa kichwa. Gari linalozimika kisha likawaka lenyewe ni mateso kwa fundi, kwa maana likifika gereji huwa zima. Na hili lilifika likinguruma vizuri kabisa. Tulisema ni petroli. Tulishusha tangi tukakuta kutu, tukalisuguasugua kwa mchanga na kokoto, tukapuliza mabomba, tukasafisha kabureta mpaka ikang'aa. Tulisafisha plagi. Tukawasha injini, tukainua boneti, tukaiacha ingurume asubuhi nzima huku tukifanya kazi nyingine. Haikukohoa hata mara moja. Mama akaondoka nalo, na safari iliyofuata akarudi.

"Nakufa," alisema. "Pale pale."

Aliporudi tena na neno hilo hilo, Fundi Mkubwa alinikodolea macho. "Askari, wewe panda hii gari. Enda nayo mpaka ife. Ikufe mbele ya macho yako."

Ndivyo nilivyosafiri nyuma ya lile sanduku la mbao, katikati ya mikebe mitupu ya krimu iliyogongana kama kengele. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, lakini enzi hizo mimi sikuwa mtu wa kuketi mbele karibu na memsaab, na yeye hakuwa mtu wa kunialika. Nilijishika kwenye ubao nikameza vumbi. Upepo wa nyanda zile hauna kitu cha kuuzuia, ni majani na ngano mpaka jicho lichoke, na mbele jiwe la Sergoit, kubwa kama kilima, limejiinamia peke yake. Mama alikuwa akiimba. Zilikuwa zaburi za kanisa lao, za polepole, na aliziimba moja baada ya nyingine bila kupumzika, huku akikwepa mashimo.

Katikati ya zaburi injini ilikohoa. Ikakohoa tena, gari likatikisika, kisha kukawa kimya, tukateleza mpaka tukasimama. Kando ya barabara palikuwa na kikundi cha mikaratusi, na chini yake ukuta mfupi wa mawe uliozunguka makaburi machache.

Niliruka chini kabla vumbi halijatua. Nilitaka kuona kama cheche ipo. Njia ni rahisi. Unachomoa waya mnene kutoka kwenye koili, unausogeza karibu na chuma cha injini bila kugusana, unawasha swichi, kisha unaizungusha injini. Kama koili ni nzima, cheche ya buluu itaruka kutoka kwenye waya hadi kwenye chuma, na utaisikia ikilia. Kama haipo, umeme umekatika mahali. Lakini nilipoinua boneti na kugeuka kuomba swichi iwashwe, mama alikuwa ameshuka. Alikuwa amechomoa ufunguo, ameuweka mfukoni mwa koti, na anafungua kijigeti cha makaburi.

"Memsaab! Tafadhali, nataka ufunguo. Nataka kuona sasa hivi."

"Ngoja," alisema bila kugeuka. "Mimi nasema na bwana yangu."

Akaketi juu ya jiwe lililokuwa kando ya kaburi moja lenye msalaba wa chuma, akaanza kuzungumza. Alizungumza lugha yao, nami sikuelewa hata neno, lakini sauti yake niliielewa. Haikuwa sala. Ilikuwa sauti ya mtu anayesimulia habari za nyumbani: mvua imechelewa, ng'ombe fulani amezaa, mtu fulani amesema hivi na mimi nikamjibu hivi. Mara moja alicheka. Nilisimama kando ya gari nikiwa na waya mkononi, upepo ukiingia kwenye injini iliyofunguliwa, na nilijua kwamba kila dakika inayopita kosa langu linanitoroka.

Aliporudi alinipa ufunguo. Niliwasha swichi, nikamwomba akanyage stata. Cheche iliruka, nene na ya buluu, ikalia ta-ta-ta. Nikaurudisha waya, akakanyaga tena, na injini ikawaka.

"Umeona?" alisema. "Yeye nasimamisha gari. Nataka mimi nisimame kidogo. Halafu nasema, haya, enda."

Nilimtazama usoni kuona kama anatania, na hakuwa anatania. Alisema kama mtu anayesema njia imekauka.

Nilishuka hapo nikarudi mjini kwa miguu, mpaka lori moja la ngano likanichukua. Nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri. Nitasema ukweli, habari ya marehemu kusimamisha gari haikunichekesha. Nilikotoka mimi watu huongea na marehemu wao vilevile. Lakini kuna jambo lilinisumbua. Gari lilikufa pale likienda na likafa pale likirudi, na pale palikuwa katikati. Kama ningekuwa mtu ninayechoka baada ya mwendo fulani, basi nikitoka nyumbani ningechokea hapo, na nikitoka mjini ningechokea hapo hapo. Labda gari halikujua lolote kuhusu makaburi. Labda lilijua muda tu.

Nilimweleza Fundi Mkubwa, akasugua ndevu zake juu ya wavu. "Muda," alisema. "Lakini hapa nimeiacha ikanguruma asubuhi yote. Muda ulikuwa mwingi. Kwa nini haikufa?"

Hilo ndilo swali nililokwenda nalo nyumbani. Tulikaa lokesheni, mtaa wa Waafrika, chumba kimoja, na mke wangu alikuwa akipika maharagwe nje kwenye jiko, amelikinga jiko na ukuta kwa sababu ya upepo. Huyu mwanamke hakuwa na haja na magari, lakini alipenda kitendawili cha aina yoyote, na usingemwambia nusu ya jambo ukanyamaza. Nikamweleza yote, mama, zaburi, makaburi, ufunguo mfukoni.

Alikoroga maharagwe. "Baba Watoto, huko gereji mkiipima, ile kifuniko ya mbele iko wazi ama imefungwa?"

"Boneti? Iko wazi. Tutaona aje ndani ikiwa imefungwa?"

"Na barabarani?"

"Imefungwa, bila shaka."

Alishika kifuniko cha sufuria akakiinua juu, upepo ukapeperusha mvuke wote. "Basi nikiacha hii hivi, wewe utakula lini?"

Nilimtazama, nikatazama sufuria, nikaanza kucheka. Naye akacheka, ingawa alikuwa bado hajui amesema nini hasa. Kuinua boneti ndiko kulikokuwa kukitudanganya. Baridi ya Eldoret ilikuwa ikiingia ndani na kumtuliza mgonjwa wetu kila tulipotaka kumpima.

Mama alipoleta krimu tena, Fundi Mkubwa alimwomba aache gari kwetu aende madukani kwa utulivu. Tulifunga boneti. Tukatandika magunia mbele ya rejeta na juu ya boneti, mpaka gari likaonekana kama mzee aliyejifunika blanketi. Tukawasha injini, tukasimama kando tukilitazama. Mafundi wengine wawili waliacha kazi zao wakaja pia. Ni ajabu jinsi watu wazima wanavyoweza kusimama kimya wakisubiri kitu kiharibike.

Likakohoa. Fundi Mkubwa aliinua kidole. Likakohoa tena, likazimika.

"Haraka!"

Nilivuta magunia, nikainua boneti, nikachomoa waya mnene huku nikiungua vidole. Koili ilikuwa imefungwa kwa bolti ubavuni mwa injini, karibu na bomba la moshi, na joto lake lilikuwa la kukaangia yai. Fundi Mkubwa alikuwa tayari kwenye stata. Injini ikazunguka. Niliusogeza waya kwenye chuma, hakuna kitu. Nikausogeza zaidi, karibu kugusa, ndipo ikaja cheche ndogo, nyekundu, dhaifu kama inayotoka kwenye kuni mbichi.

"Naona!" nilipiga kelele. "Naona, Fundi!"

"Usiguse kitu. Leta kitambaa na maji."

Tulilowesha kitambaa tukaifunika koili. Ilifoka mvuke. Tukangoja kidogo, tukazungusha tena, na cheche ikaruka ya buluu, nene, kutoka mbali. Injini ilikuwa bado moto vilevile, ila koili tu ndiyo iliyopozwa. Tukaondoa kitambaa, tukarudisha waya, tukawasha injini na kufunika magunia, ikafa tena. Safari hii hatukutumia maji. Tulichukua koili nyingine kutoka lori lililokuwa likisubiri matairi, tukaiunganisha kwa nyaya bila hata kuifunga bolti. Injini ikawaka hapo hapo. Tukarudisha ile ya zamani, kimya.

Mtu mwingine angetosheka. Fundi Mkubwa hakutosheka. Alinifanya niitoe koili, niilaze kwenye karai lenye mchanga, juu ya jiko la makaa tulilotumia kuyeyushia risasi ya kuungia chuma. Aliweka betri juu ya meza. Kila mchanga ulipopata joto zaidi kidogo, aligusisha waya wa betri na kuuachia, akiigiza kazi ya injini, nami nikashikilia waya mnene kwa koleo yenye mpini wa mpira. Mwanzoni cheche iliruka upana wa kidole. Baadaye nusu ya kidole. Baadaye ilibadilika rangi, ikawa ya manjano, ikawa nyekundu, ikapotea. Nilisahau kushika koleo vizuri mara moja, cheche ikanitupa mkono mpaka nikapiga kiwiko ukutani, na hakuna aliyenihurumia, wote walikuwa wakitazama karai.

Fundi Mkubwa alizima jiko akasema maneno ya kwao, kisha akanigeukia. "Sasa tumeona, Askari. Sasa badilisha."

Mama alipotoka madukani tulimweleza. Alitusikiliza akiwa amesimama, kikapu mkononi. Fundi Mkubwa alimweleza habari ya joto, mimi nikaongeza habari ya boneti. Mama alitazama koili mpya iliyokuwa iking'aa, akatazama ile ya zamani juu ya meza. Hakushukuru wala hakulalamika. Aliingia garini akaenda, na tulisikia baadaye kwamba alifika nyumbani bila kusimama popote.

Ile koili mbovu niliomba niichukue, nikapewa. Jumapili baada ya kanisa niliifunga kwenye kisiki nje ya nyumba yetu nikaikata kwa msumeno wa chuma. Nilikuwa nimeona kazi yake, nikataka kuona sura yake. Ndani ilinuka lami, na lami ndiyo iliyokuwamo kweli, nyeusi na ngumu, ikishikilia kila kitu mahali pake. Katikati palikuwa na mabamba membamba ya chuma yaliyobanwa pamoja kama fito. Kuzunguka chuma hicho kulikuwa na karatasi na waya, karatasi na waya, tabaka juu ya tabaka. Waya wa nje ulikuwa wa kawaida, kama wa kufungia ua. Ule wa ndani ulikuwa mwembamba kuliko unywele, unang'aa kwa rangi ya shaba, na ukiupumulia ulitikisika.

Nilimpa mke wangu ncha yake. "Enda nayo," nilimwambia.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka iishe."

Alianza kwa kutembea taratibu, ameushika waya kwa vidole viwili kama anabeba uzi wa buibui. Alipita nyumba ya jirani. Alipita bomba la maji, ambapo kina mama waliokuwa wakijaza madebe walimwuliza anafanya nini, akawajibu kwamba hata yeye angependa kujua. Alifika nyumba ya mwisho ya mstari, akapunga mkono, na koili mikononi mwangu haikuonekana hata kupungua. Waya ukakatika, tukaanza tena, ukakatika tena. Watu walikuja kusimama. Mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa karani wa posta, aliuliza ni nani aliyeuzungusha waya wote huo humo ndani na alikuwa na subira ya namna gani. Nilijibu labda ni mashine. Hakukubali. Alisema hata hiyo mashine lazima ilikuwa na mtu wa kuitazama.

Ndani kabisa nilikuta kosa lenyewe. Kati ya tabaka mbili karatasi ilikuwa imetoboka, tundu dogo sana, kingo zake zimeungua zikawa makaa. Hapo nikaelewa. Koili ikiwa baridi, umeme ulishindwa kupita kwenye lile tundu, ukafuata waya wote mpaka mwisho na kutoka kwa nguvu. Ikipata joto, umeme ulijipenyeza kwenye tundu ukapata njia ya mkato, ukaishia humo humo ndani usifike kwenye plagi. Niliiweka ile karatasi kwenye kiberiti kitupu.

Mvua za masika zilipoanza, mama Kaburu alikuja gerejini bila krimu. Alinitafuta mimi.

"Wewe," alisema. "Koili ya zamani iko wapi?"

"Kuna shida, Memsaab? Gari imekufa?"

"Gari hapana kufa. Gari nakwenda tu. Mimi napita pale, nakwenda. Napita tena, nakwenda." Alitazama mikono yake. "Rudisha ile ya zamani."

Fundi Mkubwa aliacha kazi akatutazama. Koili aliyoitaka ilikuwa vipande, na sehemu ya waya wake mke wangu alikuwa amefungia kuku.

"Memsaab, niliikata. Nilitaka kuona ndani."

Nilitarajia matusi. Katika miaka ile baadhi ya watu wake walitukana kwa makosa madogo kuliko hayo. Yeye aliuliza, "Nini iko ndani?"

Niliitoa ile karatasi kwenye kiberiti, nikaleta kipande cha koili nilichokuwa nimekihifadhi kwenye kabati la spana. Alivaa miwani. Aliilaza karatasi kwenye kiganja akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akatazama tundu kwa muda mrefu.

"Hii? Hii ndogo?"

"Hiyo, Memsaab."

"Basi si yeye," alisema polepole.

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nilimwona jinsi alivyokuwa akijitahidi uso usibadilike, na mimi niliyekuwa nimefurahia tundu hilo kuliko kitu chochote mwaka ule sikulifurahia tena. Nilisema jambo la kwanza lililonijia.

"Memsaab, breki ni nzima. Ukitaka kusimama pale, unaweza kusimama."

Alinitazama juu ya miwani. Niliogopa nimevuka mpaka. Kisha mdomo wake ulijikunja upande mmoja. "Kweli," alisema. "Breki iko."

Hakuondoka. Alitaka kuonyeshwa jinsi waya ule unavyofanya kazi, na Fundi Mkubwa, ambaye hakuwahi kukataa swali la namna hiyo, alimletea debe la kukalia. Tuliweka betri na koili nzima mezani. Nilimwonyesha waya wa kugusisha na kuachia. Alijaribu mwenyewe, cheche ikaruka, akashtuka, akajaribu tena. Aliuliza kwa nini inaruka wakati wa kuachia na si wakati wa kugusisha, na hapo mimi na Fundi Mkubwa tulitazamana, kwa kuwa sote tulijua ndivyo ilivyo na hakuna aliyejua sababu. Mama aliona tunavyotazamana. Akasogeza kidole karibu mno, ikampiga. Alipiga ukelele kwa lugha yake, kofia ikamwinamia jicho moja, halafu akacheka mpaka akatoa leso.

Sitasema tulikuwa marafiki baada ya hapo. Hakunialika kwake, na ningepanda gari lake tena ningeketi nyuma. Lakini alipokuja gerejini alisimama kwanza kwenye meza yangu kuuliza ninafungua nini leo. Dereva mmoja wa lori la ngano aliniambia alikuwa akiliona gari lake limeegeshwa vizuri kando ya ile mikaratusi, boneti imefungwa, naye ameketi kwenye jiwe na mwavuli.

Mwaka uliofuata mvua zilikuwa mbaya, magari yalikuwa yakizama mpaka ekseli. Asubuhi moja mama aliingia gerejini ametapakaa matope hadi magotini, mikono myeusi kwa grisi, na alinipita mimi akamwendea Fundi Mkubwa moja kwa moja.

"Gari nakufa kwa mto," alisema kwa sauti ya juu, ili sote tusikie. "Mimi natoa waya. Mimi naona cheche. Buluu. Koili mzima! Basi mimi nafungua ile kofia ya waya nyingi, nagawa cheche kwa plagi, ndani iko maji. Nakausha na leso. Nakwenda."

Fundi Mkubwa aliweka spana chini. "Memsaab, nani amezungusha injini?"

"Mchungaji ya ng'ombe moja, anapita. Mimi namwambia, zungusha. Yeye nazungusha." Alifikiri kidogo. "Yeye pia nataka kujua kwa nini."